Shule Zilifunguliwa: Je, Watoto Wote Wamerudi?

Ndugu waamini, na ninyi viongozi wa walei mnaohudumu katika Jumuiya Ndogo Ndogo, halmashauri za parokia na kamati za shule:

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini, Serikali iliamuru shule za awali, za msingi na za sekondari zifungwe. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Kwa hesabu ya kalenda, yalikuwa majuma 15. Jirani zetu wa Kenya walingoja mpaka Januari 2021 ndipo madarasa yote yakafunguliwa. Wale wa Uganda walingoja mpaka Januari 2022. Tukijilinganisha nao, twaweza kusema kwamba sisi tulivuka mapema. Kengele ililia tena, viwanja vikafyekwa, ndoo za maji ya kunawa zikapangwa mlangoni, na watu wakasema: mambo yamerudi kama kawaida.

Katika kurasa hizi twataka kulipima neno hilo, kawaida. Tangu siku ile shule zetu za Mbeya na Iringa zimekua kwa majengo na kwa idadi ya watoto, na mzigo mkubwa zaidi u mbele yetu. Maoni yetu ni haya: mpango wowote wa kukuza shule usioanza na mtoto asiyekuwapo darasani utajenga kuta na kupoteza watu.

Shule ni jumuiya, si jengo

Miezi ile mitatu na zaidi iliangukia majira ambayo kila mkulima wa Nyanda za Juu Kusini ayajua. Kutoka katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni mvua zinamalizika na mavuno yanaanza. Ni wakati wa kuamia ndege na kuvuna mpunga katika bonde la Usangu, kuvuna maharage na mahindi huko Kilolo na Mbeya Vijijini, kuchuma chai Mufindi na Rungwe. Kazi ya mbao haina msimu huko Mafinga, wala ya nyanya huko Ilula, wala ya kuosha mchanga wa dhahabu huko Chunya. Mtoto aliyeambiwa kwamba shule imefungwa hakukaa bure. Alipewa jembe, panga, ndoo au mifugo.

Wengi walirudi. Lakini kijana wa miaka 14 aliyekwisha kushika fedha yake ya kwanza hakuiona tena sababu ya kukaa kwenye dawati. Binti aliyechukuliwa na mtu aliyeahidi kumtafutia kazi za ndani Dar es Salaam hakupata nauli ya kurudi, na kwa hakika hakuna aliyemwambia kuwa tarehe ya kurudi imetangazwa. Mwingine alikuwa amepata mimba, na aibu ikamfungia nyumbani. Mwingine alikuwa akilelewa na bibi yake. Bibi akaugua, naye akawa mwuguzi.

Mwalimu aliita majina. Jina moja halikuitikiwa siku ya kwanza, wala siku ya kumi. Mwishowe jina likawekewa alama ya utoro, na darasa likaendelea. Hapo ndipo twasema kwamba mlango ulifunguliwa, lakini jumuiya haikurudi nzima. Jumuiya hujulikana kwa jambo moja: mmoja akikosekana, wengine huuliza yuko wapi. Mchungaji wa mfano ule tuujuao sote hakuridhika kwa kuwa na kondoo tisini na tisa zizini.

Ukuaji unaoficha upotevu

Yafaa tuulize kwa nini watoto hao hawakuonekana kuwa wamepotea. Jibu letu ni kwamba madarasa yalikuwa yamejaa mno. Darasa likiwa na watoto mia moja, hakuna anayeliona pengo la watatu.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimu ya msingi hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za Serikali. Na tangu mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita nao hawalipi. Hilo ni tendo la haki, nasi twalisifu bila kigugumizi. Watoto wa maskini waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha waliingia darasani. Kizazi kilichoanza darasa la kwanza mwaka 2016 kilikuwa darasa la tano shule zilipofungwa mwaka 2020, kikamaliza la saba mwaka 2022, kikaingia kidato cha kwanza mwaka 2023. Kila kilipofika, vyumba vilikuwa vichache kuliko watoto.

Serikali haikukaa kimya. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kutokana na fedha hizo yalijengwa madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi. Nani kati yetu hajaviona vyumba vile vipya, vyenye vigae sakafuni, katika kata yake?

Hata hivyo, historia yatufundisha kuwa na tahadhari. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Watoto waliingia kwa wingi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wao wenyewe wakifundisha. Ilikuwa nia njema na kazi ya kishujaa. Lakini uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 na wazazi wakaanza tena kuchangia gharama, watoto wengi waliondoka kimyakimya, na waliobaki walisoma wakiwa wameketi chini. Mwaka 2002, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ilifutwa na milango ikapanuliwa tena. Mwaka 2004 ukafuata mpango wa sekondari, na shule za kata zikaota kila mahali, nyingi zikiwa na mwalimu mmoja au wawili tu wa kuanzia.

Kila mara tulihesabu vitu viwili: vyumba vilivyojengwa na watoto walioandikishwa. Vyote viwili huhesabiwa siku ya kwanza. Walioondoka kabla ya siku ya mwisho hawakuwekewa jiwe la msingi, wala hawakupata mgeni rasmi.

Mlango ambao wengi hawajaambiwa kuwa uko wazi

Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba akiwa mwanafunzi alifukuzwa, na mwaka 2017 kauli ya viongozi wa juu ilikuwa kwamba hatarudi kamwe katika shule ya Serikali. Msimamo huo ulibadilika tarehe 24 Novemba 2021. Kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwa mojawapo, waliruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi.

Waraka ni karatasi. Ukifika ofisi ya mwalimu mkuu, hauendi wenyewe mpaka nyumba ya mwisho ya kitongoji. Tukiuliza katika vijiji vyetu, tutawakuta wazazi ambao hadi leo wanaamini kwamba binti yao alimaliza safari yake siku mimba ilipojulikana. Tutawakuta pia wanaojua waraka lakini hawautaki. Husema: akirudi, atawafundisha wenzake tabia mbaya.

Kwa wanaosema hivyo twajibu kwa heshima. Kwanza, binti huyo hakujipa mimba peke yake. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa akabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni kesi ngapi katika kata yetu zimefika mahakamani, na ngapi zimemalizwa na wazee chini ya mti kwa ng'ombe na debe la ulanzi? Jamii inayompatanisha mwanamume na kumfungia nje msichana haijalinda maadili. Imechagua nani aadhibiwe. Pili, mama asiyesoma hulea mtoto katika umaskini uleule uliomwangusha yeye. Na tatu, Kanisa linalomtaka binti huyo ailee mimba yake wala asiitoe haliwezi kumgeuzia kisogo mtoto akishazaliwa. Tukitetea uhai, hatuna budi kumtetea mama naye arudi kwenye dawati lake.

Januari 2028 haiko mbali

Sasa tutazame mbele. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Sera hiyo yaweka miaka 10 ya elimu ya lazima: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, darasa la tatu likiwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kuupokea. Hesabu yake ni rahisi, nayo kila mzazi aifanye mwenyewe. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo, ambao wanafuata utaratibu wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Vizazi viwili vitabisha hodi kwa pamoja katika kidato cha kwanza, Januari 2028.

Ndugu zetu, shule ya kata iliyopokea mikondo minne itaombwa kupokea minane. Serikali yajua jambo hili na inajenga. Lakini swali la haki ni hili: nafasi zikibana, nani atasukumwa nje? Si mtoto wa mwenye duka, kwa kuwa baba yake atamtafutia shule ya kulipia. Atakayesukumwa ni yule aliye mbali, mwenye njaa, asiye na sare na asiye na mtetezi. Ni yule yule aliyepotea mwaka 2020.

Wakati wa kujenga kwa haraka, bweni huonekana kuwa jibu jepesi, hasa kwa mabinti wanaotembea mbali au kupanga vyumba mitaani ambako hakuna mzazi. Twaunga mkono mabweni, lakini si mabweni ya kubahatisha. Agosti 2009 wanafunzi wa kike 12 walipoteza maisha katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Septemba 2020, miezi michache tu baada ya shule kufunguliwa, watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni la shule ya msingi huko Kyerwa, mkoani Kagera. Mlango wa pili, dirisha lisilozibwa kwa nondo, taa salama, mlezi anayelala karibu na idadi ya watoto inayolingana na vitanda si anasa. Kamati isiyoweza kulipia mambo hayo haijawa tayari kuwa na bweni.

Makande ni sehemu ya mpango wa elimu

Kuna jambo jingine linalotuaibisha. Mikoa yetu huitwa ghala la Taifa. Mahindi ya Iringa, mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Uporoto na ndizi za Tukuyu hulisha miji mikubwa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Watoto waliopimwa mwaka ule ndio wanaojaza madarasa ya awali na ya kwanza miaka hii hadi 2028.

Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, akatembea kilima na bonde, akaketi hadi saa nane, hasikii anachofundishwa. Ikifika Januari, ghala la nyumbani limepungua na mama yuko shambani akipalilia; ndipo shule inapoomba mchango wa chakula, na ndipo wengi wanaposhindwa. Kwa nini tuombe mahindi wakati wa njaa? Mchango wa makande ukusanywe Juni na Julai, mavuno yakiwa uani, kwa debe na si kwa fedha, uhifadhiwe vizuri na uandikwe kitabuni mbele ya wazazi. Asiye na mahindi achange kuni, maji au siku ya kupika. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuleta chochote ale pamoja na wenzake. Kumtenga mtoto kwenye sufuria kwa kosa la baba yake ni kumfundisha kwamba yeye si wa jumuiya hiyo.

Elimu bila ada si elimu bila wajibu

Wapo wanaodhani kwamba ada ilipofutwa, mzazi naye alifutiwa wajibu. Wapo kwa upande wa pili wakuu wa shule na wajumbe wa kamati wanaoligeuza neno mchango kuwa ada kwa jina jingine, na kumrudisha mtoto nyumbani kwa elfu tano. Wote wawili wamekosea.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni: mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi aiwezayo, wala asimwachie mdogo mzigo usio wake. Walimu, mishahara yao, vitabu na ukaguzi ni mzigo wa Serikali, nasi tuudai kwa adabu na bila woga. Kujua mtoto wa nani hayuko shuleni, kumlisha saa sita, kumlinda njiani na kutazama hesabu za fedha ni kazi iliyo karibu nasi kuliko ilivyo karibu na Dodoma.

Na tusiseme kwamba shule ya Serikali si yetu. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wetu walipojenga Tosamaganga, shule zilifuata kwa jasho la watu wa mahali hapo. Sheria ya mwaka 1969 ilipozikabidhi shule za dini kwa Serikali, ziliwekwa wazi kwa watoto wa Taifa zima. Parokia zimeanzisha nyingine baadaye, nasi twazithamini. Lakini karo zake haziwezwi na mchuma chai. Idadi kubwa ya watoto wa parokia zetu wamo katika shule ya kijiji. Kiongozi wa walei ambaye wanawe wote wako shule za kulipia, na ambaye hajakanyaga mkutano wa shule iliyo jirani naye, ajiulize anamwongoza nani.

Yatupasa kufanya nini?

Twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ihesabu watoto wa eneo lake wenye umri wa kwenda shule, nyumba kwa nyumba, pasipo kuuliza ni Mkatoliki, Mlutheri, Mmoravian au Mwislamu. Orodha ilinganishwe na kitabu cha mahudhurio pamoja na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji. Majina yatakayobaki bila alama ndiyo kazi yetu.

Pili, wawili waende kwenye kila nyumba yenye jina hilo. Wasiende kuhukumu. Waende kuuliza kuna kikwazo gani, na kuueleza waraka wa mwaka 2021. Pale penye mtoto mchanga, tuulize nani atamshika mama yake akiwa darasani. Mama wa WAWATA wanalo jibu.

Tatu, makubaliano ya chakula yapitishwe kabla ya mavuno, na hesabu zake zibandikwe ukutani.

Nne, mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila miezi mitatu, uulizwe waziwazi: mwaka 2027 watamaliza watoto wangapi hapa, wa la sita na wa la saba, na wataketi wapi Januari inayofuata? Nani atawafundisha? Matundu ya vyoo ni mangapi? Diwani ajibu kwa tarakimu.

Ndugu wapendwa, shule yenye afya haitambulikani kwa rangi ya kuta. Itambulikane kwa jibu ipatalo mgeni akiuliza: mmoja wenu asipofika leo, nani atakwenda kumtazama kabla jua halijazama? Panapo jibu la swali hilo, shule imerudi kweli, na yaweza kukua bila hofu.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Tangu mwaka 2020, ni watoto gani wa eneo letu walioacha shule, na ni nani aliyewatembelea?
2. Je, wazazi wote wa jumuiya yetu wanajua kwamba binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni? Nani atawajulisha wasiojua?
3. Ni nani anayeangalia hesabu za michango katika shule yetu, na zinasomwa lini mbele ya wazazi?
4. Kata yetu imejiandaaje kwa Januari 2028?